Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazee wetu walezi wa chama, viongozi wa mtaa, na akina mama mlioketi hapo mbele: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asome taarifa ya mwaka mbele yenu kabla ya mweka hazina. Nitaanza na kazi za kawaida, na sitazirefusha kwa sababu nyingi mmezifanya wenyewe. Zamu zetu za kuwapokea watoto wanaovuka Ziwa Tanganyika peke yao, kwenye mwalo wa Kibirizi, yaani pale boti zinaposhusha watu hapa Kigoma, ziliendelea mwaka mzima. Manahodha na wapagazi walipewa semina. Tarehe 16 Juni tuliadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika pamoja na shule mbili za jirani. Kamati Tendaji ilikutana kila robo mwaka. Tulifiwa na wanachama wawili, Mungu awapumzishe, na rambirambi zilifika. Mengine yako kwenye kabrasha la Katibu.

Kuhusu watoto wenyewe: waliopita mikononi mwetu mwaka huu ni 27, wavulana 16 na wasichana 11. Kati yao 9 walipata ndugu zao wa damu, 14 tuliwakabidhi kwa ofisi ya ustawi wa jamii wakapelekwa kambi ya wakimbizi wakiwa na mlezi anayejulikana kwa jina, na 4 bado wako kwenye familia za hapa mjini kwa barua ya afisa ustawi. Karibu wote walitoka upande wa Kongo, hasa Fizi na Uvira, na wachache Burundi.

Sasa nije kwenye jambo la nyumba, ambalo naamini ndilo lililoujaza ukumbi huu leo.

Mkutano Mkuu wa mwaka 2023 uliazimia tujenge nyumba ya kuwahifadhi watoto wanaovuka ziwa peke yao. Kiwanja kilipatikana, ramani ikachorwa, na michango ya ujenzi ikafika shilingi 11,400,000. Mwezi Februari mwaka huu Kamati Tendaji, mimi nikiwa kwenye kiti, ilisimamisha ujenzi na kuruhusu sehemu ya fedha hizo ziende kwa familia zinazowapokea watoto. Tangu siku hiyo nimeitwa mengi. Wapo waliosema nimekula fedha za msingi wa nyumba, na wapo waliosema nimewadharau waliochangia. Yupo aliyekwenda kulisema hilo msibani, mbele ya wageni. Nimevumilia kwa sababu mahali pa kujibu ni hapa.

Fedha kwanza. Zilizotumika ni shilingi 4,650,000: chakula na sabuni kwa familia 12 za walezi, magodoro, mablanketi, sare na madaftari kwa waliofikia umri wa shule, matibabu, nauli, na vocha za simu za kuwatafuta ndugu. Zilizobaki benki ni 6,750,000. Risiti ziko mezani kwa mweka hazina, na kila hundi ina saini tatu, ya kwangu ikiwa moja tu kati ya hizo. Mafuta ya pikipiki ninayokwenda nayo mwaloni usiku nimeyanunua mwenyewe mwaka mzima na sijaandika madai hata mara moja.

Pili, haraka yenyewe. Kule mashariki mwa Kongo, mji wa Goma ulichukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, na Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Wengi walivukia Burundi kupitia mto Rusizi, lakini boti zilianza kushusha watu huku kwetu pia. Wakati huohuo Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na mashirika yanayowahudumia wakimbizi yakaanza kupunguza watumishi. Mtumishi aliyezoea kuja kumchukua mtoto siku ileile akawa haji, au anakuja baada ya siku kadhaa. Usiku ule mtoto alale wapi? Kwenye msingi wa futi mbili usio na bati? Katiba yetu inairuhusu Kamati kuamua jambo la dharura na kulileta kwenye mkutano unaofuata. Tuliamua, na leo tumelileta.

Lakini hata kama kusingekuwa na dharura, ndugu zangu, mimi binafsi ningesimama hapa kuipinga nyumba ile, na naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kufungua makao ya watoto bila leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Leseni inataka watumishi, mlinzi, vyoo, kumbukumbu, ukaguzi. Chama kinachokusanya ada ya shilingi elfu mbili kwa mwezi kitawalipa nini watumishi hao? Halafu ipo Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, inayotaka waomba hifadhi wakae kwenye maeneo yaliyotengwa. Mtoto wa Kikongo tuliyempokea Kibirizi anatakiwa aandikishwe, na mara nyingi aende kambi ya Nyarugusu. Tungekuwa na nyumba nzuri mjini, na watoto tuliowajengea wasingeruhusiwa kukaa humo zaidi ya muda mfupi. Hili nililisema mwaka 2023, kumbukumbu zinaonyesha, sikusikilizwa.

Na ipo sababu kubwa zaidi ya sheria. Wazee wanaikumbuka 1994. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, watoto zaidi ya 100,000 waliandikishwa kuwa wametenganishwa na wazazi wao katika nchi za Maziwa Makuu. Kule Goma vilifunguliwa vituo vya watoto walio peke yao. Vilikuwa na uji, maji safi na daktari, na kwenye mahema ya jirani hakukuwa na kitu. Wazazi waliokata tamaa wakaanza kuwapeleka watoto wao vituoni na kuwaacha, ili angalau wale. Vituo vilivyofunguliwa kwa ajili ya watoto waliopotea vikawa vinazalisha watoto wapya wasio na mtu. Hayo hayakutokea kwa ubaya wa mtu, yalitokea kwa sababu msaada uliwekwa kwenye jengo badala ya kuwekwa kwenye familia. Ndiyo maana miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema wakati wa dharura visianzishwe vituo vipya vya kuwaweka watoto wengi pamoja kwa muda mrefu, na ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe.

Mtoto anayetoka kwenye boti saa tisa ya usiku hajui jengo. Anataka mtu mzima mmoja ambaye kesho asubuhi atakuwa yuleyule. Mama mlezi wa Gungu, hapa mjini, anaweza kumpa hilo. Mtoto wa Kirundi anakaa kwa mama wa Kiha wanaelewana tangu siku ya kwanza, na mtoto wa Baraka, kule Kongo, anazungumza Kiswahili chake, watoto wa nyumba wanamcheka kidogo, baada ya wiki wanacheza mpira. Hakuna mhudumu wa zamu atakayefanya hivyo kwa watoto 20.

Naomba pia niseme la Machi, kwa kuwa limezungumzwa vibaya. Walifika wasichana wawili, mtu na mdogo wake. Asubuhi akaja mwanamume mwenye adabu, kavaa vizuri, akasema ni mjomba wao. Alilijua jina la baba na jina la kijiji. Mwanachama wetu mmoja alitaka wasichana wakabidhiwe kwake waende, akasema chama kinawanyima watoto ndugu yao. Nilikataa. Tulimkalisha yule bwana kando, na wasichana kando, tukawauliza mambo ambayo jirani hawezi kuyajua: bibi mlikuwa mnamwitaje, nani alilala chumba kipi, nani alizaliwa baada yenu. Majibu hayakufanana. Tulipotaja Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, bwana akaomba kwenda kununua vocha na hakurudi. Kila mtu hapa anajua wasichana wa umri ule wanapelekwa wapi: kazi za ndani zisizo na mshahara, na mabaya kuliko hayo. Nchi hii ina sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008, lakini sheria haikai mwaloni usiku. Sisi ndio tunaokaa.

Kwa hiyo narudia utaratibu, na anayeuona mgumu aniambie leo. Mtoto hahojiwi mbele ya watu. Anapewa nguo kavu na chakula kwanza. Fomu ya ukurasa mmoja, ambayo niliiandika mimi na sasa inatumika hata na wenzetu wa mialo mingine, inajazwa usiku uleule: jina lake na jina la nyumbani, majina ya wazazi, kijiji, kanisa au msikiti wao, nahodha aliyemvusha, nguo alizovaa, nani alikuwa naye mara ya mwisho na wapi. Haahidiwi kwamba mama yake atapatikana kesho. Mtendaji wa mtaa na afisa ustawi wanaarifiwa kabla ya mchana, na simu zao zisipopokelewa, namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni bure. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinasema ni wajibu wa mwanajamii yeyote kutoa taarifa pale haki za mtoto zinapovunjwa. Mtoto mmoja mwaka huu alipatikana na mama yake kwa sababu tu jina la nahodha liliandikwa. Mama alimfuata nahodha, nahodha akatuelekeza kwetu. Mvulana mwenyewe, wa miaka minne, alijua kwamba mama anaitwa Mama.

Na picha za watoto kwenye kundi letu la WhatsApp ni marufuku. Najua zinaleta michango. Picha ileile inayomfikia mfadhili inamfikia pia mtu kama yule wa Machi.

Ndugu wanachama, sasa mahudhurio na ada. Tumeandikishwa 84. Mkutano wa robo ya pili ulikuwa na watu 19, wa tatu ukaahirishwa kwa kukosa akidi, tukaja tena tukawa 22. Waliomaliza ada ya mwaka ni 31. Tulitarajia shilingi 2,016,000 na zimeingia 862,000, pamoja na za wale waliolipa nusunusu. Zamu ya usiku inabebwa na watu walewale, wengi wao wanawake, ambao asubuhi wanakwenda kuanika dagaa. Siku moja Agosti boti ilifika wakati wenye zamu wawili hawakutokea wala kutuma ujumbe, na watoto watatu walikaa kwenye mchanga na mlinzi wa boti mpaka adhuhuri. Nilipopigiwa nilikwenda mimi. Sitataja majina, wenyewe wapo.

Siwaelewi wanaodai hesabu ya fedha za ujenzi na hawajalipa ada tangu mwaka juzi. Chama hiki kilizaliwa mwaka 2015, kijiji cha Kagunga, mpakani na Burundi, kilipofurika wakimbizi Warundi na kipindupindu kikaingia, na meli ya MV Liemba ikawa inawaleta mjini. Kagunga haina gati. Watu walipakiwa mitumbwi kuifuata meli majini, mama mtumbwi huu na mwana ule. Pale Uwanja wa Lake Tanganyika tulikuta watoto wanaita majina ya mama zao. Hatukuwa na katiba, hatukuwa na mhuri, na hakuna aliyeuliza posho. Tulibeba sufuria za nyumbani kwetu. Baadhi ya waliobeba sufuria zile wako humu ukumbini, na sijawaona mwaloni miaka miwili. Nawaomba warudi. Sisemi kwa hasira, kazi imetuzidi.

Kuhusu mwakani, Kamati inatarajia kuongeza familia za walezi wa kuaminika, Mungu akipenda zifike 20, zote zipitishwe na ofisi ya ustawi. Tunatumaini kupata mtu wa kuwasikiliza watoto wanaoota na kupiga kelele usiku, maana akina mama wameniambia hilo ndilo linalowashinda. Tunaendelea na mazungumzo na wenzetu wa upande wa pili wa ziwa ili majina yavuke haraka zaidi. Kiwanja kipo, hakijauzwa wala hakitauzwa bila ninyi. Kama mkutano utaridhia, kinaweza kuwa mahali pa mikutano na stoo ya mablanketi.

Nawashukuru Katibu, mweka hazina, manahodha wanaotupigia simu wakiwa bado majini, na zaidi ya wote akina mama 12 waliofungua milango yao. Naomba wasimame tuwaone.

Mkutano utapiga kura kuhusu uamuzi wa Februari baada ya taarifa ya fedha. Watakaopiga kura ni wanachama waliomaliza ada, kama katiba inavyosema. Mweka hazina anapokea malipo pale mlangoni mpaka saa sita.

Naomba kuwasilisha.