Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: Anayeandika testosteroni afundishwe kwanza kupima

Ndugu Mganga Mkuu wa Serikali,
Wizara ya Afya, Dodoma.

Yah: Mafunzo maalumu ya tiba ya testosteroni

Tunakuandikia sisi tunaohudumia wagonjwa wa homoni, pamoja na wenzetu wa maabara. Tunaomba Wizara ianzishe mafunzo maalumu ya tiba ya testosteroni, homoni kuu ya kiume, kwa madaktari na matabibu, na yaanzie kwenye utambuzi wa ugonjwa kabla ya kufika kwenye sindano.

Mwanamume anayelalamika kupungukiwa nguvu za kiume mara nyingi hana upungufu wa testosteroni. Huenda ana kisukari ambacho hakijapimwa, shinikizo la damu au sonona. Ukimchoma testosteroni, kisukari kinaendelea kumla mishipa, na juu yake unamwongezea ugumba. Homoni inayotoka nje huifanya pituitari (tezi iliyo chini ya ubongo) inyamaze, LH na FSH, homoni zake zinazoamrisha korodani, zinashuka, na korodani zinapunguza au kuacha kutengeneza mbegu. Utafiti wa WHO uliochapishwa mwaka 1990 ulitumia sindano ya 200 mg kila wiki kama njia ya uzazi wa mpango ya wanaume, na ilifanya kazi. Daktari asiyelijua hili anaweza kumwandikia dawa hiyohiyo mtu aliyekuja kutafuta mtoto! Akiacha dawa, mbegu kwa kawaida hurejea baada ya miezi 6 hadi 12, lakini wengine husubiri hadi miaka miwili.

Makosa mengi huanzia kwenye bomba la damu. Damu itolewe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, mgonjwa akiwa hajala, na kipimo kirudiwe siku nyingine. Sampuli ya saa 9 alasiri, au ya mtu aliyelazwa kwa malaria, huweza kuonyesha kiwango cha chini hata kama homoni zake hazina tatizo. Kisha kuna vizio vya kipimo. Maabara moja huandika 3.5 ng/mL, nyingine 350 ng/dL, nyingine 12.1 nmol/L, na yote ni jibu lilelile. Asiyezoea akiiona 12 hudhani mgonjwa amekauka kabisa. Kikomo kinachotumika sana ni 300 ng/dL, yaani 10.4 nmol/L, na hakitoshi peke yake pasipo dalili.

Kwa wagonjwa wetu kuna jambo jingine zito: protini ya SHBG inayobeba homoni hiyo. VVU huipandisha, hivyo jumla ya testosteroni huonekana nzuri ilhali ile iliyo huru, isiyoshikwa na protini, ni kidogo. Unene huishusha, na hapo jumla huonekana mbaya bila sababu. Tabibu anayehudumia kliniki ya VVU lazima ajue kukokotoa testosteroni huru kutokana na jumla, SHBG na albumini (protini nyingine ya damu).

LH na FSH zipimwe kabla ya sindano ya kwanza. Zikiwa juu, tatizo liko kwenye korodani. Zikiwa chini au za kawaida wakati testosteroni iko chini, tafuta kwenye pituitari na upime prolaktini, homoni nyingine ya tezi hiyo. Sindano ikishaingia, zinashuka zote na ushahidi huo unapotea.

Kuhusu dozi, enantheti, aina ya testosteroni ya sindano, huja kwenye ampuli ya 250 mg. Kuichoma yote na kusubiri wiki nne humpa mgonjwa kilele siku za mwanzo na unyonge mwishoni; 150 hadi 200 mg kila wiki mbili humtuliza zaidi. Undekanoeti, aina inayodumu muda mrefu zaidi, ya 1,000 mg ni mililita 4 za mafuta: isukumwe taratibu kwa dakika mbili, na mgonjwa akae chini ya uangalizi dakika 30, kwa kuwa mafuta yakifika kwenye mapafu huleta kikohozi na kubanwa pumzi. Dozi ya pili ni baada ya wiki 6, zinazofuata ni kila wiki 10 hadi 14.

Hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo seli nyekundu, huweza kupandishwa na dawa hii, hivyo ipimwe mwanzoni, kati ya mwezi wa 3 na wa 6, mwezi wa 12, kisha kila mwaka. Ikizidi 54%, dawa isimame. Wakazi wa nyanda za juu kama Makete huweza kuanza na kiwango cha juu tayari, kwa hiyo wafuatiliwe kwa karibu. PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, ipimwe kwa wenye miaka 40 na zaidi.

Na wapo wanaoihitaji dawa hii kweli: wenye Klinefelter (wanaume waliozaliwa na kromosomu X ya ziada), walioharibiwa korodani na matubwitubwi, wenye uvimbe wa pituitari. Korodani ndogo, ngumu, zisizofika mililita 5, zingemtambulisha kijana wa Klinefelter mapema, lakini lazima kwanza mtu azipapase.

Tunapendekeza siku tano za darasa na maabara, kisha miezi sita ya kufuatilia wagonjwa chini ya msimamizi, na Baraza la Madaktari Tanganyika liyahesabu katika mafunzo endelevu ya leseni. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, na swali lake la kwanza liwe: unatarajia kupata mtoto? Tuanze na hospitali za rufaa za mikoa zenye uwezo wa kupima LH. Rasimu ya mtaala tuko tayari kuiandika bila malipo.

Wako katika kazi,
Watoa huduma na wataalamu wa maabara ya homoni