Kuhusu yule anayepindisha kanuni mezani pako

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi hatujambo. Habari ya yule rafiki yako anayevuruga mchezo wa Jumamosi imenikaa moyoni, maana nami niliendesha meza ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia visa kwa dadu ambao mmoja huuendesha na wengine huigiza wahusika, nilipokuwa nasoma huko huko Minnesota.

Kwanza, huyo si mwizi. Anayedanganya namba ya dadu dawa yake ni fupi: kila mtu arushe mbele ya wote. Wako anakesha na kitabu akitafuta tundu, na anayekesha na kanuni za mchezo anaupenda. Usimfanye adui.

Ile hila yake ya mkuki inajulikana sana. Wanakijiji 2,000 wanajipanga, kila mmoja futi 5 kutoka kwa mwenzake, mkuki unapokezwa mkono kwa mkono. Raundi ya mapigano ni sekunde 6, na kila mtu ana nafasi ya kutenda ndani yake, basi mkuki unakwenda kilometa 3 kwa sekunde 6. Kisha anadai kwamba kwa mwendo huo joka limekufa.

Mtazame vizuri hapo. Ili mkuki ufike, ameshika kanuni. Ili mkuki uue, amezitupa kanuni akashika fizikia. Mwambie achague. Akitaka kanuni, azifuate mpaka mwisho: mwanakijiji wa mwisho anarusha mkuki kama mkuki mwingine wowote, na madhara yake ni namba itakayotoka kwenye dadu moja ya pande sita, basi. Akitaka fizikia, hakuna mkono wa binadamu unaopokea kitu kinachoipita sauti kwa kasi. Huko kote joka li hai. Hata mwongozo wa waendesha mchezo uliotoka 2024 unasema wazi kwamba kanuni za mchezo si sheria za fizikia.

Mchawi wake asiyelala ni mgumu zaidi, kwa sababu katika kanuni za mchezo zilizotoka 2014 njia hiyo imo kweli: anapumzika saa moja, nguvu zinarudi, anaziweka akiba, anapumzika tena, na hapati usingizi wa usiku kabisa ili akiba isifutike. Hapo usishindane naye kwa vifungu. Mwite kando, kabla ya siku ya mchezo, umuulize anataka mhusika wake aweze nini. Pengine anataka tu siku moja aokoe kundi zima. Hilo unaweza kumpa bila kuwanyima wenzake zamu zao. Hao waliokaa kimya wakisubiri ubishi uishe ndio ninaowaonea uchungu, na wewe ndiye mtetezi wao.

Usiogope kuamua. Huko huko Minneapolis na St. Paul, Dave Arneson, mmoja wa wawili waliouanzisha mchezo huu, aliendesha Blackmoor, dunia aliyoibuni mwenyewe, kabla mchezo wenyewe haujachapishwa 1974. Palipokuwa na pengo mwamuzi aliamua, watu wakaendelea kucheza. Nawe, ubishi ukianza, msikilize dakika moja, toa uamuzi, uandike, na mwambie mtaufungua upya mkishamaliza. Ukiona alikuwa na haki, ubadilishe mbele ya wote. Na hila yoyote utakayomruhusu, mwambie mapema kwamba maadui nao wataitumia. Wengi huirudisha wenyewe.

Mama yako anakusalimu sana. Niandikie alichagua nini, kanuni au fizikia.

Baba yako