Sumu haikuanzia dukani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika kwamba wale watoto sita wa Soweto, huku Afrika Kusini, waliokufa 2024 kwa sumu ambayo watu huinunua mitaani kuulia panya, waliuawa na tamaa ya wageni wenye maduka. Mimi ni Mtanzania, msusi, naishi Alexandra, Johannesburg, huu mwaka wa kumi na moja. Sina duka wala ndugu mwenye duka. Panya ninao.

Nimepanga chumba cha bati uani kwa bibi mmoja. Bibi huku anaitwa gogo, msicheke, na yeye ananiita sisi, maana yake dada. Mwaka wa kwanza kila akiniita nilikuwa nageuka nyuma kutazama anamsema nani mwingine. Uani hapo tuko kaya saba, bomba moja, vyoo viwili. Alexandra ilianzishwa 1912, mwaka mmoja kabla ya ile sheria ya ardhi iliyowazuia Waafrika kumiliki ardhi karibu kote nchini, ndiyo maana baba yake gogo aliwahi kuwa na hati ya kiwanja. Sensa ya 2011 ilikuta hapa watu 179,624 kwenye eneo lisilozidi kilomita 7 za mraba. Ng'ambo ya barabara kuu ni Sandton, yenye mabenki na maghorofa ya vioo. Nusu ya wateja wangu wanafanya usafi humo.

Sisemi hakuna kilichofanyika. Mwaka 2001 Rais Mbeki alitangaza mpango wa kuifufua Alexandra kwa randi bilioni 1.3 ndani ya miaka saba, na nyumba zilijengwa. Treni ya kasi ya Gautrain inasimama Marlboro, hapa pembeni, tangu 2010. Tuna daraja zuri la waenda kwa miguu kuvuka kwenda Sandton. Hayo wageni huyapiga picha.

Pipa la taka halipigwi picha. Letu ni moja, lenye magurudumu mawili, gurudumu moja limeshapasuka. Pipa limepewa kiwanja, halikupewa kaya, na kiwanja kilichokuwa na familia moja leo kina saba. Ikifika Jumapili limefurika, na gari hupita Alhamisi, likipita. Zinazobaki zinapelekwa kona, kwenye kichuguu cha nepi, maganda na mabaki ya unga. Kichuguu kile kina umri mkubwa kuliko upangaji wangu. Usiku ukipita na tochi unaona kinacheza.

Panya wa huku si wale wa kwetu wanaokimbia ukiwasha taa. Wangu aliniangalia. Alikuwa amekaa juu ya mfuko wa nywele za bandia, ameshazitafuna pakiti mbili, akaniangalia kwanza ndipo akaondoka, taratibu, kama mtu aliyekumbuka ana shughuli. Jirani yangu ana mtoto mchanga, analala taa ikiwaka.

Sasa mtu wa namna hiyo utamwambia nini asinunue sumu? Kituo cha daladala pale, kuna kijana ana boksi limefunguliwa kama sinia, juu yake vipakiti vidogo vya chengachenga nyeusi, kando yake peremende na sigara za kuuza mojamoja. Hakuna lebo. Watu wanaiita halephirimi, jua halizami: anayeionja halioni likizama. Inafanya kazi kweli. Gogo alikuwa na paka, akala panya aliyekula chengachenga, na asubuhi tukamkuta chini ya bomba.

Oktoba 2024 watoto sita walikufa Naledi, Soweto, baada ya kula vitafunwa. Mwishoni mwa mwezi Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, akatangaza kuwa vipimo vya wote sita vilionyesha terbufos. Hiyo ni sumu ya mashambani, haikuruhusiwa kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani. Ilitoka shambani ikafika kwenye maboksi ya vijana wa vituoni kwa sababu wateja wapo, na wateja wapo kwa sababu ya kile kichuguu. Mwenye duka naye ni mteja. Ana panya kutushinda sote, maana ana unga na sukari, na wenye maduka wengi hulala humohumo dukani. Simtetei anayeweka sumu rafu moja na biskuti, huyo ashitakiwe. Nasema tu kwamba ukimfukuza ukamweka mzawa, panya hawaulizi pasipoti.

Tena msomaji wako asidhani chakula cha huku kinaua kikitoka kwa mgeni peke yake. Tunacho kinaitwa kota: robo ya mkate inatobolewa katikati, inajazwa chipsi, achari na poloni, ile soseji nene ya bei nafuu. Mwaka 2017 na 2018 ugonjwa wa listeria, unaotokana na bakteria kwenye chakula, uliua watu zaidi ya 200 nchi hii, na chanzo kikakutwa kwenye kiwanda kikubwa kilichotengeneza nyama za namna hiyo. Hakuna aliyeandamana kwenda kuvunja kiwanda. Maduka ndiyo huvunjwa. Mei 2008 fujo za kushambulia wageni zilianzia hapa hapa Alexandra zikasambaa nchini, wakafa watu 62, na 21 kati yao walikuwa Waafrika Kusini wenyewe.

Kuna wakati waliletwa bundi. Ndiyo, bundi. Watoto wa shule walikuwa wanalea makinda kwenye masanduku juu ya mapaa ya shule ili wakikua wawale panya. Wazo nililipenda, ila unajua bundi akilia juu ya paa kwetu watu wanafanyaje. Huku ni vilevile, wazee walisema huo ni uchawi. Na bundi akimla panya mwenye chengachenga, yanamkuta ya paka wa gogo.

Baada ya vifo vile, Novemba 2024 Rais Ramaphosa alitoa siku 21 maduka yote ya spaza yasajiliwe, kisha muda ukasogezwa hadi Februari 28, 2025. Spaza ni kama duka la Mangi huko Dar, unakopa mkate nusu na sabuni. Foleni za usajili nilizishuhudia. Lakini ratiba ya taka mtaani kwetu haikubadilika hata kwa siku moja, na kijana wa boksi hakusogea. Gogo alienda mara tatu kuomba pipa la pili. Mara ya tatu akaambiwa mfumo unaonyesha kiwanja chake kina kaya moja.

Mwisho, msomaji huyo aliuliza kama mdogo wake aje afungue duka huku, kwa vile wengine wanafukuzwa. Viza ya biashara inadai mtaji wa randi milioni 5. Spaza yote ya kona yetu, pamoja na friji lake na bati lake, nadhani haifiki laki mbili. Abaki Mbagala.

Wako,
Msusi, Alexandra, Johannesburg