Kabla hujapanda treni, mwulize shangazi habari ya maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie ndugu zetu wanaokuja Dodoma jambo ambalo wenyeji tunaona haya kulisema. Wageni tunawapenda, ila mtuarifu kabla hamjaanza safari. Sababu si chakula. Ni maji.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Ipagala na wajukuu wawili. Bomba la mtaani kwetu linatoa maji kwa mgao, na wiki ikiwa nzuri yanatoka mara mbili. Siku hiyo tunajaza pipa moja na madumu sita, na kila dumu lina kazi yake.

Novemba 2024, Ijumaa saa tatu usiku, simu iliita. Ni mtoto wa kaka yangu. "Shangazi shikamoo. Tumeshuka stesheni, tunakuja kwako. Tuko watano." Walikuja kwenye mahafali ya binti yao, na kila nyumba ya wageni waliyopiga simu ilikuwa imejaa. Nikamjibu, "Marahaba mwanangu, karibuni sana," na nilimaanisha. Chakula hakikunisumbua hata kidogo. Mlenda mkavu haukosekani kwangu, unga ulikuwepo, karanga nilishazitwanga. Nikamtuma mjukuu mayai dukani. Walikula wakashiba. Wanawake walilala kitandani kwangu, wanaume mkekani sebuleni, na kwa joto la Novemba hakuna aliyeuliza blanketi.

Lakini huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili, kwa hiyo Novemba ndiyo tunakuwa tumebanwa hasa. Usiku ule nilikuwa na nusu pipa na madumu mawili, na mgao ulikuwa Jumatatu mchana. Alfajiri watu watano walioga, kila mmoja ndoo nzima, maana ni siku ya sherehe. Hapo bado choo, vyombo na chai. Saa mbili asubuhi kata ilikuwa inakwangua chini ya pipa. Nikaazima madumu mawili kwa jirani, mengine nikanunua kwa kijana wa mkokoteni kwa pesa ya vifungo vya mteja. Kwa wageni sikusema neno. Niliona nikitaja maji nitakuwa nimewafukuza. Wakakaa hadi Jumapili jioni, na Jumatatu wajukuu wangu wakaenda shule na sare za wiki iliyopita, hazijafuliwa. Mdogo alinishika kanga akaniuliza kama mwalimu atamrudisha. Hilo kosa ni langu, kwa kunyamaza.

Nimelifikiria sana. Nimekulia kijijini upande wa Bahi. Kiangazi mama alichota maji kwenye visima vilivyochimbwa katika mchanga wa mto uliokauka. Mgeni aliingia na salamu yake ya Kigogo, "Mbukwenyi", bila taarifa, kwani angeileta kwa njia gani? Ila alimwona mama akirudi na mtungi kichwani jua likiwa kali, kwa hiyo alinawa kwa kata moja, na nyingine akaiacha. Mjini bomba liko ukutani. Mgeni akiliona anaamini maji yapo, na mwenyeji anaona aibu kumwambia hayapo.

Wapo watakaosema nimeiga Uzungu, kwamba ndugu hahitaji miadi kwa ndugu yake. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Zamani Dar es Salaam hadi hapa basi lilimaliza siku nzima, mtu alijiandaa na habari zake zilimtangulia. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, safari haifiki saa nne. Mtu anaamua mchana, jioni yuko mlangoni. Na simu aliyokatia tiketi ndiyo hiyo hiyo ya kuniandikia.

Ninachoomba ni maneno machache: mko wangapi, mnafika saa ngapi, mnaondoka lini. Hilo la mwisho mlitaje wenyewe, kwa sababu kwa mila zetu mwenyeji hawezi kuliuliza. Na sisi wenyeji tufungue midomo. Mgeni akishakula, mwonyeshe pipa, umwambie maji haya ni ya mpaka siku fulani. Hatakasirika. Akikasirika, basi tatizo halikuwa maji.

Juni mwaka huu mtoto yule yule wa kaka alinitumia ujumbe asubuhi: "Shangazi, niko peke yangu, nafika saa moja jioni, naondoka kesho kutwa. Maji yapo?" Niliusoma mara mbili, cherehani imesimama. Nilimwekea ndoo mbili pembeni na kufunika kwa sinia.

Mahafali hayako mbali. Nina vyumba viwili na mkeka mkubwa mmoja, na mlenda nimeshaanika.

Mama mshonaji,
Ipagala, Dodoma