Amri ya kutoa ufunguo si sawa na kudhoofisha usimbaji

Ndugu Mhariri,

Mjadala wa usimbaji fiche, yaani kuficha data isomwe tu na mwenye ufunguo, huchanganya sheria za aina mbili, na mkanganyiko huo unatuponza.

Aina ya kwanza humfuata mtu mmoja. Uingereza, kifungu cha 49 cha sheria ya upelelezi, RIPA, ya mwaka 2000 humtaka aliyepewa notisi atoe ufunguo au aifungue data mwenyewe. Akikaidi, hufungwa hadi miaka 2, au hadi 5 kesi ikihusu usalama wa taifa au unyanyasaji wa watoto kingono. Ufaransa ni hadi miaka 3 na faini ya euro 270,000. Binafsi naona zinabana mno haki ya mtuhumiwa kunyamaza, lakini ujumbe wa jirani yake hauguswi.

Aina ya pili hulegeza chombo chenyewe, na hii ndiyo ya kuogopwa. Miaka ya 1990 Marekani ilizuia programu zenye funguo ndefu, ambazo ni ngumu kuvunjwa, zisiuzwe nje. Kwa RSA, mbinu mojawapo ya usimbaji, mwisho wa urefu wa ufunguo ulikuwa biti 512. Masharti yalilegezwa baadaye, ila uwezo wa kutumia funguo hizo fupi ulisahaulika ndani ya seva na vivinjari. Machi 2015 likatangazwa shambulio lililoitwa FREAK, linalotumia funguo hizo fupi. Mdukuzi aliyejipenyeza katikati ya mawasiliano hubadilisha ombi la kivinjari, seva ikatoa ufunguo wa biti 512, na kivinjari chenye kasoro kikaupokea bila kuhoji. Kuuvunja kulihitaji kompyuta za kukodi kwa saa chache, kwa takriban dola 100. Tena seva nyingi zilitumia ufunguo uleule hadi zizimwe na kuwashwa upya, hivyo kuuvunja mara moja kulitosha. Hata tovuti ya NSA, shirika la ujasusi la Marekani, ilikutwa na kasoro hiyo.

Australia, katika sheria yake ya Desemba 2018, ilikataza angalau kwa maandishi kuilazimisha kampuni kuweka udhaifu wa kimfumo. Wabunge wetu wadai kifungu cha namna hiyo kabla ya kupitisha muswada wowote unaohusu usimbaji.

Kenya ina sababu ya ziada. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hutaka uvujaji uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na wenye data nao waarifiwe, lakini si lazima kuwaarifu iwapo data ilikuwa imesimbwa. Msamaha huo hauna maana ikiwa usimbaji wenyewe umewekewa mlango wa siri.

Msomaji wenu,
Nairobi