Barua kwa Mwanangu: Usahaulifu Wangu wa Umri Huu

Mwanangu mpendwa,

Uliponiuliza iwapo nimeanza kupatwa na ugonjwa wa kusahau uliompata bibi yako uzeeni, niliiona hofu usoni mwako, nami sikutaka kukujibu kwa haraka. Swali hilo linastahili jibu la kweli, tena la maandishi, ili uweze kulirejea siku nawe utakapofika umri huu.

Ni kweli kwamba ninasahau. Neno ninalolijua vizuri hunitoka nikiwa katikati ya sentensi, jina la mtu ninayefanya naye kazi huchelewa kunijia, na nikisoma hujikuta nimerudia ukurasa uleule bila kushika kilichoandikwa. Mambo haya yalianza wakati hedhi yangu ilipoanza kuvurugika, mwezi huu ikiwahi na mwezi ujao isionekane kabisa, na kuandamana kwao si jambo la bahati tu.

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya umri wa miaka 45 na 55, na mtu huhesabiwa kuwa amekoma baada ya kupita miezi 12 mfululizo bila kuiona. Kabla ya hapo kuna kipindi cha mpito, ambacho mara nyingi huchukua miaka kadhaa, na hicho ndicho kigumu, kwa sababu homoni ya estrojeni haipungui kwa utaratibu, bali hupanda na kuporomoka bila mpangilio. Wengi hudhani kazi ya homoni hiyo ni uzazi peke yake, ilhali ubongo nao una vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea homoni hiyo, vikiwamo vya hipokampasi, inayotusaidia kuweka kumbukumbu mpya, na vya sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuwezesha kupanga mambo na kushikilia wazo moja hadi mwisho. Ongeza hapo joto la ghafla na jasho la usiku linalokatiza usingizi, kwani hata kijana asiyelala vizuri hawezi kuwa makini.

Kuna utafiti mkubwa uitwao SWAN, ulioanza nchini Marekani katika miaka ya 1990 na kuwafuatilia kwa miaka mingi wanawake zaidi ya 3,000 wa asili mbalimbali. Kwa kawaida, mtu anayepewa jaribio lilelile mara kwa mara huendelea kufanya vizuri zaidi kwa kulizoea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba wanawake waliokuwa katika mpito hawakupata maendeleo hayo kama ilivyotarajiwa, katika kasi ya kufikiri na katika kumbukumbu ya maneno, lakini baada ya hedhi kukoma uwezo huo wa kujifunza ulirejea. Hakuna habari iliyonifariji kuliko hiyo. Inanihuzunisha kwamba wapo wanawake wanaoacha kazi walizozimudu kwa miaka mingi, wakiamini akili zao zimechakaa, kwa kuwa tu hakuna aliyewaeleza kwamba jambo hili lina sababu na kwamba kwa walio wengi hupita.

Hata hivyo sikutaka kujitibu kwa matumaini. Daktari alinipima damu, tezi ya thairoidi na vitamini B12, akaniuliza pia kuhusu sonona, maana kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuleta usahaulifu unaofanana na huu. Kuhusu tiba ya homoni, alinieleza kwamba husaidia sana kupunguza joto la ghafla na jasho la usiku, lakini haitolewi kwa ajili ya kumbukumbu peke yake. Tena majaribio yaliyotangazwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba wanawake waliopewa mchanganyiko wa homoni wakiwa na miaka 65 au zaidi walipatwa zaidi na ugonjwa wa kusahau, ndiyo sababu umri wa kuianza hupimwa kwa uangalifu. Mimi kwa sasa ninatembea kila siku, ninaulinda usingizi wangu, ninaandika ahadi zangu, na ninafanya jambo moja kwa wakati mmoja.

Ugonjwa wa bibi yako ni nadra kuanza katika umri wangu, na kwa kawaida dalili zake hutofautiana na hizi. Mimi nikisahau neno, baadaye hunijia, na ninajua kwamba nimelisahau. Kwa hiyo nikikwama ninapozungumza, nakuomba unisubiri, usinimalizie sentensi, wala usinipunguzie majukumu bila kuniuliza. Lakini ukiona nimepotea katika njia ninayoipita kila siku, au nimeshindwa kufanya jambo nililolizoea, au nimesahau kabisa mazungumzo yetu hata baada ya kukumbushwa, usinifiche kwa kunionea huruma. Niambie waziwazi, nasi tutakwenda pamoja kwa daktari.

Mama yako akupendaye