Historia ya mkonge isianzie kwenye meli

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu kufufuliwa kwa zao la mkonge niliisoma mara mbili. Nimezaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge wilayani Muheza, na marehemu baba alifanya kazi korona, yaani kwenye mtambo wa kuchakata majani ya mkonge, hadi alipostaafu. Ila historia mmeianzia pale pale tulipoianzia darasani: mwaka 1893, Mjerumani Dakta Richard Hindorf, miche 1,000 kutoka Florida, 62 tu ikafika hai na kupandwa Kikokwe, Pangani. Yote hayo ni kweli. Naomba nafasi niseme kwa nini hayatoshi, na jambo hili nililielewa nikiwa ndani ya bustani moja nchini Meksiko.

Katika mji wa Oaxaca, kusini mwa nchi hiyo, lipo kanisa kubwa la Santo Domingo pamoja na konventi, yaani nyumba ya watawa, ambayo Wadominiko walianza kuijenga karne ya 16. Karne ya 19 serikali ilichukua mali za mashirika ya dini, na jeshi likaigeuza konventi kuwa kambi. Askari walikaa humo zaidi ya miaka 100, hadi mwaka 1994. Walipohama, walikuwapo waliotaka uwanja wa nyuma uwe hoteli na maegesho ya magari. Wenyeji walikataa. Mbele yao alikuwa msanii Francisco Toledo, wa kabila la Wazapoteki wa huko, na walichodai ni bustani ya mimea ya jimbo lao, ioneshe pia watu wameitumiaje. Wakaipata.

Uwanja ulipochimbuliwa, ilionekana mifereji ya maji ya watawa, mahali pao pa kufulia, na tanuru. Havikufukiwa tena. Leo mimea imepandwa kuyazunguka mabaki hayo, chini ya kuta nene za mawe, na mvua inayonyesha juu ya mapaa ya konventi inakingwa ili inyweshee bustani. Mwanzoni nilidhani nimekuja kutazama magofu. Baada ya nusu saa nilikuwa nimeyasahau.

Hatukuzurura peke yetu mle. Tuliingia na kiongozi. Wetu alikuwa mama wa makamo. Alisimama kwenye mpungate uliotapakaa vijidoa vyeupe kama pamba, akabandua kimoja kwa ukucha, akakisaga kiganjani. Kiganja kikawa chekundu kama damu. Kumbe ndani ya ile pamba mna mdudu, kochinili. Akakamulia ndimu, wekundu ukageuka rangi ya chungwa. Akanyunyizia magadi kidogo, ukawa zambarau. Akatuambia kwamba enzi za Wahispania rangi hiyo ilikuwa bidhaa ya pili kwa thamani kusafirishwa kutoka Meksiko, ikitanguliwa na madini ya fedha tu, na waliomfuga mdudu huyo walikuwa wakulima wa vijiji vya jimbo hili hili. Akanyoosha kidole kwenye kuta za konventi, kisha akatuonesha tena kiganja chake. Hakuongeza neno.

Hatua chache mbele kulikuwa na jani refu ambalo ningelipalilia kama magugu. Linaitwa teosinte, ndilo mama wa mahindi. Suke lake halifiki urefu wa kidole, na punje zake ni chache na ngumu kama kokoto. Wakulima wa Meksiko ndio waliolifikisha kuwa gunzi tunalolijua, kwa kuchagua mbegu msimu baada ya msimu, kazi iliyoanza miaka kama 9,000 iliyopita. Katika pango la Guilá Naquitz, si mbali na mji huo, zimepatikana mbegu za maboga yaliyolimwa miaka 10,000 iliyopita. Nilikuwa nimekula ugali miaka hamsini bila kuwafikiria watu hao hata siku moja.

Kisha tukafika kwenye mikonge. Ya kila namna: mifupi, mirefu, ya kijivu, ya kijani. Niligusa mwiba wa ncha kama nilivyokatazwa utotoni. Kiongozi akaniuliza kwetu tunauitaje, nikamwambia. Akasema Wamaya, wenyeji wa asili wa rasi ya Yucatán huko huko Meksiko, huuita "ki", na walisokota kamba zake kabla Mhispania yeyote hajatia mguu huko. Hata jina la kitaalamu, *Agave sisalana*, limetokana na Sisal, bandari ya Yucatán ilikopakiwa singa, yaani nyuzi za mkonge.

Na hapa ndipo penye hoja yangu, Mhariri. Mkonge huu karibu hauzai mbegu kabisa. Unazaliana kwa machipukizi ya shinani na kwa vitoto vinavyoota juu ya mlingoti, lile shina refu la maua, na kila kitoto ni kipande cha mama yake. Kwa hiyo mkonge wa Muheza si mjukuu wa mbali wa ule uliotunzwa na watu wa kusini mwa Meksiko. Ni ule ule, umehamishwa. Hindorf aliuagiza, akaulipia meli. Waliouchagua porini na kujua kutoa singa ni wengine, na katika makala yenu hawamo. Hata aina chotara ya 11648, iliyozalishwa huku huku Tanga na ambayo tunajivunia kwa haki, ina damu ya *Agave angustifolia*, mkonge ambao watu wa Oaxaca wanaoka mioyo yake chini ya ardhi kutengenezea pombe yao ya mezcal.

Naomba basi mtakapoandika tena historia ya zao hili, muianze kabla ya 1893. Aya mbili zinatosha: Wamaya, neno lao "ki", bandari ya Sisal. Na wanaoandika vitabu vya shule wafanye hivyo hivyo, kwa mkonge na kwa mahindi.

Baba yangu alikatika vidole viwili kwenye mashine ya korona, na amekufa akiamini mkonge ni mali ya Wajerumani. Mjukuu wake yuko darasa la tano. Wiki iliyopita nilifungua daftari lake la historia, nikakuta 1893, Hindorf, miche 62.

Msomaji wenu,
Muheza, Tanga